Mwaka wa Milango Miwili

Nilipoteremka Urambo mwaka huu kumzika Mama Nyamizi, nilikuta vijana wawili wakibishana nyuma ya jiko la msiba. Mmoja alivaa fulana ya chama cha zamani, mwingine ya chama cha upinzani, na kila mmoja alikuwa na bendera iliyokunjwa kwapani. Walikuwa wanamgombania marehemu. Wa kwanza alisema bibi alikuwa mwanachama wao tangu enzi za chama kimoja. Wa pili akasema kadi ya kwao alichukua baadaye, na ya baadaye ndiyo inayohesabika. Nilisimama na begi langu mkononi, vumbi la barabara ya Tabora bado limenijaa puani, nikacheka peke yangu. Tangu niletewe habari ya kifo nilikuwa sijacheka, wala sijalia vizuri. Vijana wale walikuwa hawajazaliwa siku Mama Nyamizi alipozitia kadi zote mbili jikoni akachemshia maji ya chai, na chai yenyewe nikainywa mimi.

Nilivyofika kwake nikiwa na miaka kumi na tisa si habari ya sura hii. Mambo ya ndugu zangu nimeyasema ya kutosha kwingine, na baadhi yao wako hai bado na midomo wanayo. Itoshe kusema kwamba nilihitaji mahali pa kulala na yeye alihitaji mtu wa kusonga ugali. Mgahawa wake ulikuwa chumba kimoja kirefu cha matofali ya kuchoma, chenye milango miwili. Mlango wa mbele ulitazama stesheni, na wa nyuma ulitazama maghala ya tumbaku, kwa hiyo upepo ukivuma kutoka huku tulinusa moshi wa treni, ukivuma kutoka kule tulinusa tumbaku kavu, ile harufu tamu inayokaa kwenye nguo hata uzifue vipi. Mimi nililala kwenye kichumba cha pembeni, baina ya magunia ya unga na madumu ya mawese yaliyoletwa na treni kutoka Kigoma. Asubuhi tulipika chai na matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, ambayo ukiyatafuna polepole yanakufikisha mchana bila kulalamika. Mchana ulikuwa ugali na maharage, au nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa tukayaunga kwa karanga. Siku za migebuka, wale samaki wa Kigoma, watu walikaa hadi kwenye kizingiti. Nimekula kwenye mahoteli tangu hapo, nimeletewa na vitambaa vya kufutia midomo, lakini sijawahi tena kula nikasikia kwamba chumba kizima kinakula pamoja nami.

Wateja walikuwa wengi, ila wawili ndio waliokuwa nguzo za nyumba. Mmoja aliitwa Maganga, Mnyamwezi, mkulima wa tumbaku, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa mwenyekiti wa tawi wa chama cha zamani. Wa pili aliitwa Mkude, Mluguru wa Morogoro, fundi wa reli aliyepangiwa kazi Urambo akasahau kuondoka. Alikuwa katibu wa chama kipya, na alikitumikia kwa moyo ule ambao mtu huutumikia ukristo akiwa ndio kwanza kabatizwa. Walikaa meza moja kila mchana, kwa sababu kabla ya kuwa na vyama walikuwa watani. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu babu zetu walipobeba pembe na shehena kwenda pwani, wakipita chini ya milima ya Waluguru, wakipigana, wakipatana, wakizikana njiani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na hukasiriki. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku. Ukifiwa, ndiye anayekuja kufanya kazi ambazo ndugu wa damu hawana nguvu ya kuzifanya, kuchimba, kupika, kubeba, na katikati ya vilio anakuchekesha, nawe unacheka bila aibu kwa sababu ndiyo kazi yake.

"Mpagazi," Mkude angesema hata kabla ya kuketi, "leo umebeba nini kichwani?"

"Ubongo. Mzigo huu huko mlimani kwenu haujawahi kupanda."

"Haukupanda kwa sababu ninyi mlipopita chini mlikuwa mmeuacha Tabora!"

Nami nikiwa na mwiko mkononi ningecheka hadi ugali ukaungua, na Mama Nyamizi angenifinya. Hata siasa waliifanya ndani ya utani. Maganga alimwambia Mkude kwamba chama chake ni kipya mno, bado kinanyonya. Mkude alijibu kwamba cha Maganga ni kizee mno, kinatafuniwa. Mama Nyamizi aliwasikiliza wote akiwa anapepeta mchele mlangoni, mwanamke mfupi, mnene, Mmoraviani asiyekosa ibada, mwenye tabia ya kuweka mkono mmoja kiunoni akitaka kusema kweli. Kadi ya chama cha zamani alikuwa nayo tangu usichana, kama kila mtu. Ya chama kipya aliichukua kwa hiari yake, kwa furaha, akavaa na kilemba kipya siku ile. Alichotaka kwao kilikuwa kimoja tu, zahanati. Wananchi walikuwa wamefyatua tofali wenyewe wakanyanyua boma hadi usawa wa kupaua, na hapo likasimama, likaota nyasi ndani, na kila msimu wa kura mtu alikuja akaligusa ukuta akasema mabati yako njiani.

Aliyeligusa zaidi alikuwa Mheshimiwa, na simtaji jina kwa sababu hastahili nauli ya wino. Alikuwa mtu wa chama cha zamani. Mkude alikuwa amemsema mtu huyo kwa miaka, jukwaani na mezani, kwamba mabati ya zahanati yanalala kwenye paa la nyumba yake. Mwaka ule, mwaka wa kura, Mheshimiwa akaangushwa kwenye kura za maoni ndani ya chama chake. Hazijapita siku nyingi, tukasikia ngoma upande wa stesheni. Nilitoka na unga mikononi. Mheshimiwa alikuwa juu ya gari, amevaa fulana ya chama kipya ambayo bado ina mikunjo ya dukani, anasema amefunguka macho. Na aliyeshika kipaza sauti akimtambulisha kama mkombozi alikuwa Mkude. Nilimwangalia usoni. Alikuwa anasoma maneno aliyoandikiwa na wakubwa zake, na alikuwa na sura ya mtu anayemeza dawa chungu mbele ya wageni. Tuliporudi ndani Mama Nyamizi alikwenda kwenye sanduku lake, akatoa kadi zote mbili, akazitia kwenye mkaa chini ya birika. "Angalau zichemshe maji," alisema. "Yunis, tia majani."

Nilidhani amekata tamaa, na nikamwambia hivyo. Nilikuwa katika umri ule ambao mtu anadhani asiyeshangilia amekufa. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimewachoka wao. Kura sijaichoka. Kura ni yangu." Miaka mingi baadaye nimewasikia wasomi kwenye redio wakieleza kwa maneno marefu habari za wapiga kura wasiofungamana na upande wowote, na kila mara ninamwona yeye, mkono kiunoni, mvuke wa birika usoni.

Mchana wa siku iliyofuata ndipo kosa lilipotendeka, na ni kosa ambalo mtu asiye wa kwetu hawezi kuliona uzito wake. Maganga aliingia, akaketi mbele ya Mkude, akavuta bakuli la maharage na kusema kwa sauti yake ya ng'ombe, "Mluguru, nasikia mmeokota ndala tuliyoitupa. Angalieni, kamba imekatika." Chumba kizima kikacheka. Mkude hakucheka. Aliweka tonge chini, akasema, "Usinitanie, Maganga."

Kicheko kilikatika kila mtu alipokuwa. Mtani hakatai utani. Unaweza kumkatalia mtani wako nguo, shamba, hata binti, lakini ukimwambia usinitanie umemwambia kwamba yeye si wako tena, na kwamba akifa hutakwenda, na ukifa asije. Maganga alisukuma bakuli pembeni. Kisha akainuka bila kumaliza chakula, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Alitokea mlango wa mbele. Mkude alipomaliza alitokea mlango wa nyuma, na kuanzia siku ile ndivyo watu walivyojigawa. Wa chama cha zamani waliingilia stesheni, wa chama kipya waliingilia maghalani. Mama Nyamizi aliunganisha meza zote zikawa moja ndefu, wakala wamepeana migongo. Kila upande ulimletea khanga yenye nembo yake. Alizipokea kwa shukrani, akazisokota, akafanya kata mbili za kubebea ndoo ya maji kichwani. Kampeni zilipochacha, ujumbe ukaja kutoka pande zote mbili, karibu kwa maneno yale yale: mama, tuonyeshe uko wapi. Akajibu kwamba yuko jikoni. Basi wakaanza kutokuja. Kulikuwa na siku tulisonga ugali tukala wawili, na mbwa wa stesheni wakanenepa.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa la Bibi wa Uluguru. Huyu alikuwa mama yake Mkude, ajuza aliyeletwa na mwanawe kutoka Morogoro ili asife peke yake. Alikuwa anachechemea kwa fimbo hadi kibarazani kwetu, tunabangua karanga pamoja, na kila karanga ya tatu inakwenda mdomoni. Yeye alimwita kila mtu "mwanangu", hata wazee wenzake, hata polisi. Maganga alikuwa akimpitia kila siku kumwuliza ataamua lini kuolewa naye, na bibi alimjibu kwamba hawezi kuolewa na mtu mwenye shingo ndefu kama twiga, atamlisha nini. Baada ya ule mchana Maganga hakupita tena kibarazani. Bibi aliniuliza, "Mwanangu, mchumba wangu anaumwa?" Nikasema ana kazi shambani. Naye akasema, "Kazi gani hiyo isiyo na njia ya kurudi?"

Zikiwa zimebaki siku chache tupige kura, Bibi wa Uluguru alifariki. Mkude hakuwa na ndugu hata mmoja Urambo. Kwa desturi, asiye na ndugu ana mtani, na kila mtu alijua mtani wa nyumba ile ni nani. Lakini chama cha zamani kilikuwa kimekaa kikao na kusema atakayeonekana kwenye msiba wa wapinzani ahesabiwe kwamba amehama. Na chama kipya, badala ya kuleta majembe, kilileta vipaza sauti. Ilitangazwa kwamba jeneza litafunikwa bendera na Mheshimiwa atasema kaburini. Jirani zetu, watu waliokuwa wakiazimana chumvi, walisimama majumbani mwao wakichungulia nani anakwenda. Nilielewa siku ile, na sijasahau, kwamba jambo lililokuwa linaamuliwa Urambo halikuwa nani atakwenda bungeni. Lilikuwa kama tutaendelea kuzikana.

Mama Nyamizi alijifunga khanga kifuani akaniambia nifuatane naye. Tulimkuta Maganga bondeni, anamwagilia kitalu chake cha miche ya tumbaku, ameinama, hageuki.

"Mwangaluka, Maganga."

"Mwangaluka, mayu," alijibu, yaani mama, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri.

"Mtani wako amefiwa."

"Nimesikia."

"Na bado unamwagilia?"

"Aliniambia nisimtanie. Mbele za watu."

"Alikuambia yeye. Mama yake hakukuambia."

Maganga akaendelea kumwaga maji mahali pale pale hadi miche ikaelea. Akasema chama kitamvua uenyekiti. Akasema amekitumikia tangu ujana wake. Mama Nyamizi akaweka mkono kiunoni. "Basi mwagilia tu. Siku yako ikifika, miche hii itakubeba." Tukaondoka. Njiani nilimwuliza tutafanyaje, akaniambia, "Mimi si Mnyamwezi? Utani ni wa Maganga peke yake?"

Ninaandika haya nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, na bado sijui alipata wapi ule moyo. Jeneza lilipotoka, bendera juu yake, vijana wakiimba nyimbo za chama badala ya tenzi, Mheshimiwa ametangulia na karatasi yake, tulimkuta mtu katikati ya njia. Alikuwa Mama Nyamizi. Amevaa sufuria kichwani, gauni amelivaa nyuma mbele, anachechemea kwa mwiko kama fimbo, bega la kushoto limeshuka kama lilivyoshuka la marehemu. Akasimama. Akamtazama Mheshimiwa kuanzia viatu kwenda juu.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya Bibi wa Uluguru, sauti ile ile ya puani, "wewe ni nani? Karanga zangu zote nimebangua pale kibarazani, wewe sijakuona ukipita. Umekuja kunioa?"

Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka. "Na nani kaniwekea shuka hili? Mimi sikuzoea kulala na shuka la wanaume." Akaichomoa bendera kwa ncha ya mwiko, akaikunja vizuri, kwa heshima, akampa kijana aliyeileta. Mimi nilimtazama Mkude. Uso wake ulikuwa umekazwa, ukaanza kutetemeka, nikadhani atafoka. Akacheka. Alicheka machozi yakimtoka, akashika magoti, na kilio alichokuwa amekizuia tangu alfajiri kikatoka ndani ya kicheko kile, na wanawake wakampokea. Tukaimba tenzi. Tulipofika kaburini tukakuta halipitiki. Maganga alikuwa amelala ndani, chali, mikono kifuani, jembe pembeni.

"Siondoki," alisema kutoka kule chini. "Nilimposa huyu bibi, naozeshwa leo. Mluguru, lete kuku!"

"Toka, mpagazi," Mkude alisema, ameinama ukingoni. "Toka, mtani wangu. Kuku utapata."

Alimvuta kwa mkono akatoka, wamejaa udongo wote wawili, na wakamshusha bibi pamoja. Mheshimiwa aliikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Sikuona alipoondoka.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile nchi ilinyooka. Mheshimiwa alishinda. Haukupita muda mrefu akarudi chama chake cha zamani, akapokewa kwa ngoma, nadhani zile zile. Maganga alivuliwa uenyekiti kama alivyoambiwa, na Mkude aliandika barua ya kuacha ukatibu kabla hajaulizwa. Boma la zahanati lilipauliwa miaka mingi baadaye, na hadi leo vyama vyote viwili vinadai ni kazi yao. Ila siku ya pili baada ya msiba watu waliingia mgahawani kwa mlango wowote uliokuwa karibu, na meza ndefu ikabaki ndefu. Walioketi hapo walikuwa wamewachoka wakubwa wa huku na wakubwa wa kule, na walibishana vikali kuliko zamani, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa anasema la kwake. Kwenye meza ile nilijifunza kumsikiliza mtu hadi mwisho wa sentensi yake. Kila nilichokuwa baadaye kilianzia hapo, na ninamshukuru Mungu kwa ajili ya ile nyumba.

Siku ya kura tulikwenda pamoja, mimi na Mama Nyamizi. Ilikuwa kura yangu ya kwanza. Kwenye foleni nikamwinamia nikamwuliza nimpe nani. Akanitazama kana kwamba nimemwomba anivue nguo hadharani. "Kura ni chumba cha kulala," alisema. "Ingia mwenyewe, ufunge komeo. Na ukitoka usiniambie hata mimi. Hata nikikuuliza." Hakuniuliza kamwe. Miaka yote niliyokwenda kumwamkia, tukala, tukasengenya dunia nzima, hilo hakuliuliza.

Basi mwaka huu vijana wale wawili walipatana kwa namna yao. Jeneza lilipotolewa lilikuwa na bendera mbili, kila moja imefunika nusu. Maganga hakuwapo kuliona. Tulimzika zamani, na Mkude alilala kaburini mwake akadai kuku. Nilikuwa nimeanza kuona uchungu kwamba Mama Nyamizi ataondoka hivyo, amegawanywa, wakati msafara uliposimama. Mkude alikuwa njiani. Ni mzee sana sasa, kipofu wa jicho moja, miguu haimtii. Alikuwa amevaa sufuria kichwani. Mkono mmoja ameshika mwiko, mwingine ameuweka kiunoni.

"Nani kaanika nguo kwenye meza yangu?" aliuliza, na sauti ilikuwa ya Mama Nyamizi kabisa, hata ule mkwaruzo. Vijana wakatazamana. Mmoja akachukua bendera yake, mwenzake akachukua ya kwake. Mzee hakupisha. Aliuzungusha mwiko juu ya vichwa vya watu hadi ukanifikia.

"Yunis. Mwaka ule nilikupeleka kupiga kura. Ulimpa nani?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Mkude hakuwapo kwenye foleni ile, kwa hiyo Mama Nyamizi mwenyewe ndiye aliyemsimulia, siku isiyojulikana, mezani. Nilikuwa nalia sasa, vizuri, kama nilivyotaka kulia tangu nipate habari.

"Sisemi, mama," nikamjibu.

Akateremsha mwiko, akasogea pembeni ya njia.

"Pitisheni," alisema. "Huyu ni wangu."